Nguo Iliyobaki Sandukuni



Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kufundisha wakatekumeni, kuwaandaa wachumba kwa ndoa, na kusali pamoja na wafiwa siku Padri asipoweza kufika. Wafiwa huuliza maswali mengi, nami huwajibu upesi, kwa sababu nilikaa seminarini miaka kadhaa nikajifunza kujibu. Leo nataka kuwasimulia jibu moja nililolitoa upesi mno, na nguo iliyonifundisha kukawia.

Nyanya yangu mzaa mama (huku Lubumbashi twasema kambo) alikuwa mtu wa Kasai, Mbushongo wa upande wa Mweka. Wabushongo ni kabila la mfalme katika mataifa yale yaitwayo Bakuba, jina walilopewa na jirani zao Waluba. Nchi yao iko kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua, na mji wa mfalme wao ni Nsheng, ambao wengi huuita Mushenge. Njia ya reli itokayo Katanga ilipofika hata Ilebo mwaka 1928, ilipita katika nchi yao, Mweka ikawa stesheni. Kwa njia hiyo watu wengi walishuka kusini kutafuta kazi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi ya reli huko Likasi, akamwita mchumba wake, wakafunga ndoa kanisani.

Nyanya alikuja na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na nguo mbili za kwao, zilizokunjwa na kufungwa katika kikwembe cha zamani. Tulipokuwa watoto alituonyesha mara moja moja. Zilikuwa na rangi ya udongo mwekundu na ya mchanga, na mistari iliyopindana, ikakatika, ikaanza tena mahali usipotazamia. Mahali pengine nguo ilikuwa na manyoya mafupi, laini kama mahameli. Tulipotaka kuishika, alituambia tunawe mikono kwanza.

Neno moja alilirudia mara nyingi: “Siku yangu ikifika, mnivike hii.”

Alifariki mwaka 2013, amekwisha kupokea sakramenti zote. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka seminarini, nimeanza ukatekista. Usiku ule wa matanga mama yangu alifungua sanduku, akaitoa nguo, akaniuliza mbele ya watu wote: “Mwanangu, wewe uliyesoma, wasemaje?”

Nilisema hapana. Niliwaeleza kwamba mkristo amekwisha kuvikwa nguo nyeupe siku ya ubatizo wake, na nguo hiyo yamtosha. Niliwaambia kwamba wazee wa kale walimvika maiti nguo za namna hii ili mababu wamtambue huko aendako, na kwamba sisi tunamwamini Mungu anayewajua walio wake bila kutazama mavazi. Nilisema maneno mengi mazuri. Hakuna aliyebisha. Tulimvika nguo nyeupe ya dukani, tukamtia rozari mikononi, tukamzika vizuri. Nguo yake ikarudi sandukuni.

Mama yangu hakulia makaburini. Nilidhani ni kwa sababu ya imani yake.

Habari ya stesheni

Ilipita miezi mingi kabla mama hajanieleza. Siku moja alikuwa akichambua sombe, nami nikamwuliza kwa nini sanduku lina nguo moja tu, kwa kuwa nilizikumbuka mbili. Akanyamaza, kisha akasema.

Wasomaji wa Katanga wenye umri wanajua yaliyotokea mwaka 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao, hasa Likasi na Kolwezi. Maelfu walikaa katika stesheni wiki nyingi na miezi, wakingoja gari la moshi lisilokuja. Walilala chini, mvua ikawanyeshea, watoto na wazee wakafa kwa maradhi. Sitaki kuchokonoa kidonda hiki. Jirani zetu waliotuficha chakula walikuwa watu wa Katanga, nasi hatuwasahau. Nasema tu yaliyonihusu.

Babu na nyanya walikuwa katika stesheni ya Likasi. Nyumba waliiacha, vitanda, cherehani, masufuria. Nyanya alibeba sanduku lile la bati. Watu wakamwuliza, “Mama, kwa nini usibebe unga?” Hakuwajibu. Babu akaugua kuhara, akafa usiku. Jeneza halikupatikana. Kwa desturi ya kwao, kumvika maiti nguo ya heshima ni kazi ya ukoo wake mwenyewe, yaani ndugu wa upande wa mama yake. Lakini ndugu hao walikuwa mbali, mwisho mwingine wa reli. Basi nyanya alifungua sanduku, akatoa moja ya nguo zake mbili, akamvika mume wake. Ilikuwa nguo ya ukoo wake yeye, wala si ya ukoo wa mume. Akamzika hivyo. Baadaye baba yangu alifika na kumchukua nyanya, akamleta Lubumbashi kwetu, yeye na sanduku.

Mama akamaliza: “Nguo moja aliitoa kwa upendo. Ya pili aliiweka kwa ajili yake. Nawe ukasema hapana.”

Sikupata neno. Mwaka ule, 1992, nilikuwa mtoto wa miaka minne, na jambo hili lilikuwa limekaa nyumbani mwetu miaka zaidi ya ishirini bila mimi kulijua.

Mnunuzi

Nawaungamia neno lingine. Nilipoanza kuona haya, nilitaka nguo iondoke machoni pangu. Rafiki mmoja akaniletea mtu anayenunua vitu vya kale ili kuwauzia Wazungu. Akaikunjua juu ya meza, akaitazama mbele na nyuma, akataja dola mia mbili. Karo ya watoto ilikuwa inadaiwa. Nilikaribia kukubali.

Mtu huyo alipenda kuzungumza, akanieleza thamani ya nguo za Bakuba. Baadaye nilisoma, nikaona kwamba mengi aliyosema ni kweli. Mwaka 1892 Mprotestanti mmoja mweusi wa Marekani, mchungaji William Sheppard, alifika katika mji wa mfalme, akaondoka na nguo na vitu vingi ambavyo vimehifadhiwa katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia. Mwaka 1908 Emil Torday alikusanya nyingine kwa ajili ya makumbusho makubwa ya London. Ziko Tervuren pia, huko Ubelgiji. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alizitundika ukutani katika chumba chake cha kazi, akazitazama miaka mingi.

Nikawaza: watu wa mbali wanazitundika ukutani na kuzitazama, na mimi nimezaliwa katika ukoo ulioishona hii, nami siwezi kusoma hata mstari wake mmoja. Nikamwambia mnunuzi arudi wiki ijayo. Aliporudi, sanduku halikuwapo. Nilikuwa safarini nalo.

Mweka

Ilikuwa mwaka 2015. Wanaolijua gari la moshi la Kamina, Mwene-Ditu na Kananga watanihurumia, wasiolijua wasinihusudu. Tulikaa njiani siku nyingi kuliko tulizoambiwa. Nilifika Mweka nikiwa na vumbi mpaka masikioni. Mjomba wa mama yangu, mzee sana, akanipeleka kijijini kwa dada yake, bibi kizee ambaye wote humwita Mama tu. Macho yake yalikuwa hafifu. Mimi sijui Kibushongo ila maneno ya salamu. Kijana mmoja wa nyumba akatufasiria.

Nilikuwa na daftari. Nilitaka kuandika: umbo hili maana yake nini, na hili, na hili. Nilitaka, kusema kweli, katekisimu ya nguo, swali na jibu.

Lakini Mama alianza kwa kunionyesha kazi yenyewe. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wakifuma. Nyuzi zao hutoka katika mwale, mti wa jamii ya michikichi ambao wengi huuita rafia. Huchukua jani changa, hulichuna ngozi, hulianika juani, hulichana likawa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi wala haziungwi, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kirefu kupita jani lenyewe: hupata mraba usiofikia mita moja. Kufuma ni kazi ya wanaume. Zamani miraba hii ilikuwa fedha: ililipa mahari, faini na kodi ya mfalme.

Kitambaa kikitoka mikononi mwa wanaume ni kigumu. Wanawake hukitwanga kinuni hata kilainike. Wakati wa kutwanga hutoboka mara nyingi, na inasemekana ndiyo asili ya vile viraka vidogo vilivyopangwa kwa uzuri juu ya sketi ndefu za wanawake: tundu likazibwa, kisha kiraka kikapendeza, wakaongeza viraka hata pasipo na tundu. Kisha hukipaka rangi. Nyekundu hutoka katika unga wa mti uitwao tukula. Mwisho hukitarizi kwa sindano. Yale manyoya kama mahameli hupatikana hivi: mwanamke hupitisha uzi chini ya uzi mmoja wa kitambaa, huuvuta mpaka ncha ndogo tu ibaki, kisha huukata kwa kisu kidogo karibu kabisa na kitambaa. Hafungi fundo. Uzi hushikwa na nyuzi wenzake kwa sababu kitambaa kimebana. Mraba mmoja wa namna hii waweza kuchukua miezi mingi, kwa maana mwanamke hushona akitoka shambani, na mtoto mgongoni.

Wote hutenda hayo bila kuchora kwanza. Umbo liko kichwani. Na nguo kubwa hukamilishwa na wengi: huyu mraba mmoja, yule mwingine, kisha huunganishwa. Ndiyo maana nguo si mali ya mtu. Ni mali ya ukoo, na ukoo kwa Wabushongo hufuata mama. Nguo hutunzwa kwa ajili ya siku kuu za ngoma, na zaidi kwa ajili ya kifo.

Jioni nikaitoa nguo ya nyanya. Mama aliiweka magotini, akaipitisha vidole polepole kama mtu asomaye rozari. Nikafungua daftari.

“Umbo hili ni nini?”

“Mgongo wa kobe.”

Mwanamke mwingine aliyeketi karibu akasema la, kwao huliita jina lingine. Wakabishana, wakacheka. Mzee mmoja mchonga vikombe akasema wanaume hulitaja kwa jina la tatu. Nikaandika majina matatu, nikauliza lipi ni kweli. Wakanitazama kama mtoto. Umbo moja huitwa kwa vile alivyokufundisha aliyekufundisha. Yako maumbo yanayomtaja Woot, mtu wa kwanza, baba yao wote katika masimulizi. Yako yanayotaja fundo, mmea utambaao, nyusi za mtu. Masimulizi husema mfalme Shyaam aMbul a Ngoong, wa karne ya 17, ndiye aliyeleta utarizi huu kutoka nchi za magharibi baada ya safari ndefu. Na tangu zamani kila mfalme aliyetawazwa alipaswa kupata umbo jipya la kupamba ngoma yake.

Hapo mzee akanisimulia habari ambayo nimeikuta pia vitabuni. Katika miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme pikipiki, wakitumaini kumstaajabisha. Mashine haikumshangaza. Lakini alama za gurudumu zilizobaki mchangani zilimpendeza mno. Akaagiza zinakiliwe, umbo hilo likapewa jina lake. Watu wote wakacheka tena, nami pia, ingawa nilijiona kidogo katika wale wenye pikipiki.

Kisha Mama akanyamazisha kicheko kwa mkono. Kidole chake kilikuwa kimesimama katikati ya nguo, mahali mistari ilipobadilika.

“Hapa,” akasema, “mkono wa mama yake umekoma. Ninaujua mkono wa mama yake; alivuta uzi kwa nguvu. Kuanzia hapa ameshona yeye, kabla hajaolewa. Na pembe hii nilishona mimi. Tulikuwa wasichana.” Akaendelea kupapasa. “Walikuwa wameondoka na mbili. Ya pili iko wapi?”

Sikuwa nimetazamia swali hilo. Nikasimulia habari ya stesheni, tangu mwanzo hata mwisho. Kijana akafasiri, sauti yake ikakatika mara moja. Nilipofika pale nyanya alipomvika mume wake nguo ya ukoo usio wake, wazee wakatazamana. Kwa desturi ni deni. Mjomba akasema watatuma habari kwa ukoo wa babu, wapate kujua mtu wao alizikwa kwa nguo ya nani.

“Na yeye mwenyewe?” Mama akauliza. “Kama hii iko hapa, yeye mlimvika nini?”

Nikajibu kwa sauti ndogo: “Nguo nyeupe ya dukani.”

“Nani aliamua?”

“Mimi.”

Nilieleza sababu zangu zilezile. Zilisikika nyembamba kule. Mama alikuwa mkristo kuliko mimi. Alibatizwa kabla mama yangu hajazaliwa, na medali ya Bikira Maria ilikuwa shingoni mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama nilivyofasiriwa:

“Mungu alimtambua. Sikuhofia hilo. Lakini mtu wetu akiondoka uchi, ni sisi tulioaibika. Nguo hii ni mikono yetu. Tungekuwa mbali, mikono yetu ingekuwa naye. Wewe uliizuia mikono yetu.”

Nililolifahamu

Usiku ule sikulala. Kwa Wabushongo wa kale kuzikwa katika nguo za Kizungu tu ni kama kuzikwa uchi, na walisema kweli kwamba wafu humtambua mgeni kwa nguo yake. Mkristo hawezi kuweka tumaini lake katika nguo, na hilo nalifundisha hata leo. Lakini nilikumbuka kwamba Kanisa nalo hufunika jeneza, huwasha mshumaa wa Pasaka, hunyunyiza maji. Hatusemi Mungu hatamwona marehemu gizani pasipo mshumaa. Twafanya hivyo kwa sababu mtu ni mwili, na upendo hutafuta kitu cha kushika. Nikakumbuka pia Misa yetu ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ambamo pamoja na watakatifu twawaita na mababu wenye moyo mnyofu. Nimewafundisha wakatekumeni sala hiyo mara nyingi. Nilikuwa nawaita mababu mdomoni, na nyumbani kwangu nikawazuia wasiguse maiti ya binti yao.

Kosa langu halikuwa katika mafundisho. Kosa lilikuwa kwamba sikuuliza. Kama ningemwuliza mama yangu usiku ule wa matanga, “Nguo hii yamaanisha nini kwenu?”, angenisimulia habari ya stesheni, nami nisingethubutu kusema hapana.

Sikurudi na nguo. Niliiacha katika akiba ya ukoo, mahali pake. Mwaka 2019 tulipigiwa simu kwamba Mama amefariki. Walimvika nguo ile, pembe yake aliyoishona akiwa msichana ikiwa juu. Padri alisoma Misa, medali ilikuwa shingoni mwake. Nilisali nikiwa Lubumbashi, na safari hii mama yangu alilia.

Sasa yako maneno mawili ambayo bado hayajaisha. Ukoo wa babu ulijibu ule ujumbe: walituma mraba mmoja wa mwale, uliofumwa na kutwangwa, bila mapambo, wakisema wametambua deni na huu ni mwanzo. Mraba huo ulimfikia mama yangu kwa mkono wa msafiri.

Mama yangu alizaliwa Likasi. Nyanya alimfundisha sindano kidogo alipokuwa binti, kisha maisha ya mjini yakamshika. Jioni, akiisha kula bukari, huketi mlangoni penye mwanga, na mraba magotini. Mstari wake wa kwanza umepinda. Hautandui. Juzi aliniuliza bila kuinua macho: “Na mimi, mwanangu, siku yangu ikifika, wasemaje?”

Niliketi karibu naye. Nikamwuliza kwanza jina la umbo analolishona.